Safari ya Ghafla na Rafiki Kwenda Bustani ya Burudani: Mwongozo Kamili, Kuanzia "Twende" Hadi Kurudi Nyumbani

Ujumbe unaingia usiku: "Kesho sina kazi. Na wewe? Twende bustani ya burudani." Dakika kumi baadaye mmeshakubaliana. Naipenda sana safari ya namna hii. Haina kamati wala vikao, na haisubiri watu wanane wapate nafasi siku moja. Watu wawili, gari moja na hamu vinatosha.

Ila ina udhaifu wake, na nimeuona ukijirudia kwa watu wengi: akili yote huenda kwenye kwenda. Kwenda si tatizo, maana asubuhi mna nguvu, mnacheka, barabara inaonekana fupi. Kazi iko kwenye kurudi. Dereva ameamka tangu alfajiri, amesimama kwenye foleni siku nzima, jua limempiga, giza limeingia, na kilomita ni zilezile. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa siku, halafu unarudi nyuma.

Hatua ya 1: Pangeni kurudi kabla ya kwenda

Andikeni saa ambayo dereva ataamka. Hesabuni muda wa saa 17 kutoka hapo. Uchunguzi umeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kuona na kutenda hushuka hadi kukaribiana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi humkamata dereva mwenye kiwango hicho. Yaani unaweza usiguse kilevi hata tone, ukaendesha kama uliyekunywa.

Tuseme dereva anaamka saa kumi alfajiri. Saa 17 zinaishia saa tatu usiku. Huo ni ukuta, na kuufikia ukiwa bado barabarani ni kucheza na roho mbili. Kama safari ya kurudi ni ya muda wa saa tatu pamoja na mapumziko, gari linatakiwa liwe limeshatoka kwenye maegesho saa kumi na mbili jioni, na kama mnaweza, mapema zaidi.

Hesabu ikikataa, mna njia tatu: kupunguza muda wa kukaa bustanini, kupokezana usukani, au kulala hukohuko na kurudi asubuhi. Kupokezana kunahitaji mambo mawili yaangaliwe usiku huohuo: leseni ya rafiki yako iwe hai, na bima ya gari imruhusu kuendesha. Bima nyingine humtaja dereva mmoja tu, na hilo hamtaki kuligundua baada ya ajali.

Kwangu mimi, mwendo wa saa tatu kwa upande mmoja ndio mpaka wa safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ukizidi hapo, tafuteni pa kulala au chagueni bustani ya karibu. Na msiondoke usiku wa manane mkidhani mnawahi. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili hudai usingizi kuliko wakati wowote mwingine, na alasiri kuna wimbi la pili dogo. Laleni vizuri, mwondoke kumeanza kupambazuka.

Hatua ya 2: Hakikisheni bustani iko wazi kesho

Jambo hili linaonekana dogo, lakini safari nyingi za ghafla hufia hapa. Bustani nyingi za nchi zenye baridi hufanya kazi kwa msimu. Bakken ya Denmark, iliyoanza mwaka 1583 na inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo, hufunga majira ya baridi. Cedar Point ya Ohio, Marekani, iliyoanza 1870, nayo hufunga. Hata zile za mwaka mzima huwa na siku za katikati ya wiki ambazo hazifungui, au siku ambazo zimekodiwa nzima na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Saa za kufungua msizichukue kwenye ramani ya simu. Ingieni kwenye tovuti au programu ya bustani yenyewe, mfungue kalenda, mwangalie tarehe ya kesho hasa. Mkiwa hapohapo someni bembea zipi, yaani mashine za kupanda za bustani, zimefungwa kwa matengenezo. Kama rolakosta (treni ya kasi inayopanda na kushuka kwenye reli) mliyoifuata nyinyi wawili ndiyo iliyofungwa, heri mjue mkiwa bado kitandani. Angalieni pia kama tiketi zinauzwa kwa tarehe. Bustani nyingine huweka kikomo cha watu kwa siku, na tiketi ya mtandaoni mara nyingi ni nafuu kuliko ya langoni.

Halafu hali ya hewa. Manyunyu yasiwatishe, kwa kweli mvua ndogo ni rafiki yenu, kwa sababu inafukuza watu na foleni zinapungua. Cha kuogopa ni radi na upepo mkali. Radi ikisikika, bembea za nje husimamishwa, na kanuni ya usalama inayofuatwa sana ni kusubiri dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Radi ya mbali ikinguruma kila baada ya robo saa inaweza kuwamalizia mchana mzima mkiwa mmejikinga chini ya paa. Utabiri ukisema ngurumo kuanzia mchana, ama muwahi sana asubuhi, ama mbadilishe siku.

Siku bora ni ya katikati ya wiki shule zikiwa wazi. Jumamosi ya likizo mtasimama kwenye foleni kuliko mtakavyopanda bembea, na hilo mlikubali mapema au mlikatae.

Hatua ya 3: Zungumzeni dakika kumi

Urafiki haujaribiwi kwenye rolakosta. Unajaribiwa saa nane mchana, njaa imeuma, mmoja anataka kurudia bembea ileile mara ya nne na mwingine anataka kukaa kivulini. Maongezi mafupi usiku kabla ya safari yanaondoa sehemu kubwa ya hayo.

Anzeni na pesa. Mafuta, maegesho, tiketi, chakula: nani analipa nini? Mpango ninaoupenda ni wa mwenye gari kutochangia mafuta, au kuchangia kidogo, kwa kuwa tairi, oili na uchakavu ni vyake. Kubalianeni vyovyote, mradi yasemwe wazi.

Kisha afya. Bembea zenye nguvu hazifai kwa mjamzito, mwenye matatizo ya moyo, mwenye maumivu ya shingo au mgongo, wala aliyetoka kufanyiwa upasuaji karibuni. Mwulize mwenzako kwa upole na umwamini anachokujibu. Angalieni pia vipimo vya urefu. Watu hudhani vinawahusu watoto tu, kumbe baadhi ya bembea zina kikomo cha juu pia, na mtu mrefu sana au mwenye mwili mkubwa anaweza kufika hadi kwenye kiti, kizuizi kikakataa kufunga. Bustani nyingi huweka kiti cha majaribio kwenye mlango wa foleni. Kijaribuni kabla ya kusimama saa nzima, mumwepushie mwenzenu aibu ya kushushwa mbele za watu.

La mwisho ni woga. Kila mmoja ataje bembea moja ambayo lazima apande na moja ambayo hataki kabisa. Orodha hiyo fupi ndiyo ratiba yenu.

Hatua ya 4: Gari, robo saa tu

Fanyeni usiku huohuo, injini ikiwa imepoa. Upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi, kwa sababu likitembea hupata joto na kipimo hupanda. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni ya upepo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kuhimili, si wa kulijazia. Pitisha kiganja taratibu kuzunguka kila tairi, tafuta msumari, kivimbe, au upande mmoja uliolika kuliko mwingine. Kashata za tairi, ile mifereji kwenye mpira unaogusa barabara, zikibaki na kina chini ya milimita 1.6, katika nchi nyingi tairi hilo ni haramu barabarani, na kwenye maji litateleza muda mrefu kabla ya kufika hapo.

Fungueni buti mlitazame tairi la spea. Lina upepo? Jeki ipo? Spana ya gurudumu ipo? Kama spea ni lile jembamba la muda, mwendo wake kwa kawaida haupaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo linawafikisha kwa fundi tu.

Oili pimeni gari likiwa limesimama mahali tambarare. Maji ya rejeta angalieni injini ikiwa baridi, na kamwe msifungue kifuniko chake injini ikiwa ya moto, maji hutoka kwa shinikizo na kuunguza uso. Taa ni kazi rahisi mkiwa wawili: mmoja ndani anakanyaga breki na kuwasha indiketa, mwingine nyuma anasema inawaka au haiwaki.

Kuhusu mafuta nina msimamo ambao sijaubadilisha: jazeni asubuhi mkikaribia bustani, si jioni mkitoka. Asubuhi mna subira na vituo viko wazi. Jioni kila mtu anatoka kwa wakati mmoja, mmechoka, na tangi likiwa tayari limejaa mnapunguza jambo moja la kufikiria gizani.

Hatua ya 5: Mabegi mawili

Begi la kwanza linabaki kwenye gari: nguo kavu za kila mmoja kuanzia za ndani hadi soksi, taulo, sweta, maji ya kurudi nayo, vitafunio visivyoharibika kwa joto, tochi. La pili linaingia nanyi na liwe dogo iwezekanavyo, kwa sababu kila mnachobeba mtakilinda siku nzima. Weka humo chupa ya maji, kofia, mafuta ya kukinga jua, pawabanki na waya wake, dawa mnazotumia, kitambulisho na pesa. Basi.

Viatu ni muhimu kuliko nguo. Mtatembea kilomita nyingi bila kujua, hivyo vaeni vilivyofunika mguu, vya kamba, ambavyo mguu umeshavizoea. Kandambili huruka, na bembea nyingine hukatazwa kuzipanda nazo. Anayevaa miwani atafute kamba ya kuifunga nyuma ya kichwa, ingawa kuna bembea ambazo hata hivyo atatakiwa aivue. Kwenye Formula Rossa ya Abu Dhabi, inayofika kilomita 240 kwa saa, abiria hupewa miwani maalumu ya kukinga macho dhidi ya upepo na vumbi.

Hatua ya 6: Barabarani

Pumzikeni dakika 15 kila baada ya mwendo wa saa mbili, hata kama dereva anasema yuko sawa. Mtu aliyechoka ni hakimu mbaya wa uchovu wake.

Anayekaa mbele pembeni ya dereva ana kazi. Yeye ndiye mwenye ramani, mwenye simu ya dereva, mwenye kujibu ujumbe, mwenye kufungua chupa ya maji. Apakue ramani ya eneo lote kabla ya kuondoka ili isitegemee mtandao. Na asiandike jina la bustani tu, atafute lango la maegesho ya wageni. Bustani kubwa ina malango kadhaa, na ramani inaweza kuwapeleka kwenye lango la malori au la wafanyakazi upande wa pili wa ukuta.

Mwenye kuchafukwa na roho kwenye gari aketi mbele, atazame mbali mbele, asisome simu. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linaposema mwili unatembea huku macho yakiona kitu kilichotulia. Dawa za kukizuia zipo, na nyingi zinatakiwa zimezwe nusu saa hadi saa moja kabla. Ila nyingi pia huleta usingizi. Abiria anaweza kumeza. Dereva asimeze dawa ya namna hiyo bila kusoma maelezo yake na kumwuliza mfamasia, hata ile ambayo angemeza saa sita mchana kwa ajili ya rolakosta, maana jioni anarudi kwenye usukani.

Hatua ya 7: Langoni

Fikeni nusu saa hadi dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Mkishaegesha, pigeni picha bango la sehemu mlipoegesha, lile lenye herufi na namba, kabla hata ya kufunga mlango. Magari elfu moja yaliyopangwa mistari hufanana yote jioni. Ufunguo uingie kwenye mfuko wenye zipu au kabati la kukodi, na kama ni wa kielektroniki usiingie nao kwenye bembea ya maji.

Chagueni mahali pa kukutana kama simu zitazima au mkipotezana. Pawe mahali pasipohama na pasipo na pacha wake: mnara, saa kubwa, chemchemi ya katikati. Mlango wa choo haufai, vyoo ni vingi.

Hatua ya 8: Foleni, na hesabu inayowaokolea saa nzima

Hapa ndipo siku inaposhindwa au kushinda. Lango likifunguliwa, umati husimama kwenye bembea ya kwanza unayoiona. Nyinyi ipiteni. Nendeni moja kwa moja kwenye ile inayopendwa kuliko zote, hasa kama iko nyuma kabisa, kisha mrudi taratibu kuelekea mbele huku umati ukielekea mlikotoka. Saa ya kwanza baada ya kufunguliwa mara nyingi mtapanda bembea nyingi kuliko zile mtakazopanda kwa muda wa saa mbili au tatu mchana.

Baada ya hapo, jifunzeni kuipima foleni wenyewe. Bango la mlangoni linaloonyesha dakika za kusubiri husaidia, lakini huchelewa kubadilishwa. Simameni mahali mnapoona kituo cha kupandia. Treni ikiondoka, tazameni saa. Inayofuata ikiondoka, tazameni tena. Hesabuni viti vya treni moja. Yenye viti 24 ikiondoka kila dakika moja, inabeba watu 1,440 kwa saa. Treni hiyohiyo ikiwa peke yake kwenye reli na kuondoka kila dakika tatu, inabeba 480 tu. Sasa hesabuni watu. Foleni nyingi zimekunjwa kwa vizuizi, kwa hiyo hesabuni watu wa mkunjo mmoja, mzidishe kwa idadi ya mikunjo. Watu 20 mara mikunjo 20 ni watu 400. Kwenye mfano wa kwanza hao wanaisha kwa kama dakika 17. Kwenye wa pili, dakika 50. Macho yanaona umati uleule, lakini moja ni foleni ya kuingia na nyingine ni ya kuachana nayo mpaka waongeze treni ya pili. Kama kuna njia ya pembeni ya waliolipia kuharakishwa, ongezeni muda kidogo, maana viti vyao vinatoka kwenye hesabu hiyohiyo.

Kuwa wawili ni bahati ambayo watu hawaitambui. Rolakosta nyingi zina viti viwiliviwili, na kundi la watatu huacha pengo kila mara. Mhudumu akiuliza "wawili wapo?", inueni mikono upesi. Na pale penye njia ya mtu mmoja mmoja, ile inayojaza viti vilivyobaki, fikirieni kuitumia. Mtatenganishwa kwa dakika mbili za bembea, na kusubiri kwenu kunaweza kupungua mara kadhaa. Mara ya kwanza pandeni pamoja, kwa sababu sura ya rafiki yako kwenye mteremko wa kwanza ndiyo uliyoifuata. Marudio ndiyo mpitie njia hiyo.

Kuleni kabla ya umati kula au baada yake: saa tano na nusu, au saa nane na nusu mchana. Umati ukila, bembea zinapumua. Vilevile onyesho kubwa au gwaride la burudani likianza, foleni za jirani hupungua.

Mtasikia watu wakisifia saa ya mwisho kabla ya kufungwa, na ni kweli, bustani nyingi humruhusu aliyekwisha kuingia kwenye foleni apande hata muda ukifika. Lakini saa hiyo ni ya wanaolala karibu. Mwenye safari ndefu ya kurudi ailipie furaha yake asubuhi.

Hatua ya 9: Mkiwa kwenye kiti

Mahali pa kukaa hubadilisha bembea yenyewe. Mbele kuna mandhari na upepo usoni. Nyuma kuna nguvu zaidi kwenye mteremko: sehemu kubwa ya treni ikishavuka kilele na kuanza kushuka, inavuta mkia kwa kasi, na aliyekaa nyuma ananyanyuka kwenye kiti. Katikati ni kutulivu kuliko kote. Mwenye woga aanzie katikati.

Naye mwenye woga asisukumwe. Rolakosta ya LaMarcus Thompson iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, na watu walipanga foleni kwa furaha. Kati ya mwendo huo na kilomita 240 za Formula Rossa kuna bembea za kila kiwango, na bustani nzuri inazo za kutosha kwa mtu kupanda ngazi taratibu. Kinachowatuliza wengi ni kujua inavyofanya kazi. Magurudumu ya rolakosta ya kisasa hayako juu ya reli tu. Yapo ya juu, ya ubavuni, na ya chini ya reli, haya ya chini yakitokana na ubunifu wa John Miller wa Marekani aliyepata hataza yake (haki ya kumiliki ubunifu) mwaka 1919. Treni imeishika reli kutoka pande zote, ndiyo maana inapinduka bila kudondoka. Mwoneshe rafiki yako magurudumu hayo treni ikipita karibu, umwache aamue mwenyewe. Akikataa, mshukuru kwa kushika begi na usilirudie jambo hilo.

Kizuizi kikishuka, kivute mpaka kiguse mwili, sukuma juu kuhakikisha hakirudi, halafu msubiri mhudumu naye akikague. Kichwa kiegemee nyuma, macho mbele. Kufumba macho huongeza kizunguzungu kwa watu wengi, kwa sababu mnalinyima sikio msaada wa macho. Mkiona giza linaingia pembeni mwa macho kwenye bonde lenye mgandamizo mkubwa, kazeni miguu na tumbo. Ikijirudia kwenye bembea nyingine, mwili unaomba maji na kivuli.

Bembea zinazozunguka palepale huchafua roho kuliko zile zinazokwenda kasi. Msipande mbili mfululizo, wala mara baada ya kula. Za maji ziwekeni mchana kwenye joto kali, ili nguo zipate muda wa kukauka kabla jua halijapoa. Mkichoka na hamtaki kukaa tu, pandeni gurudumu kubwa. La kwanza la aina yake, alilolijenga George Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya 1893, lilikuwa na kimo cha takriban mita 80, na hadi leo ndiyo bembea inayowapa watu wawili nafasi ya kuongea.

Hatua ya 10: Kuondoka kwa wakati

Wekeni kengele mbili kwenye simu. Ya kwanza inalia saa moja kabla ya muda wa kutoka, maana yake bembea moja ya mwisho. Ya pili inamaanisha kutembea kwenda langoni, hata kama foleni mnayoiona ni fupi.

Msiingie kwenye gari na kuondoka papo hapo. Dereva abadilishe nguo zilizolowa, anywe maji, ale kidogo, akae. Kama kichwa bado kinazunguka, asubiri mpaka kitulie kabisa, kwa sababu sikio lililochanganyikiwa halipimi kona vizuri. Kilevi hakimhusu siku nzima. Akihisi mzito, alaze kiti alale dakika 15 hadi 20. Akinywa kahawa kabla ya kulala hivyo, itaanza kufanya kazi karibu na muda wa kuamka, kwani huchukua kama nusu saa.

Njiani, abiria halali. Huu ndio mchango wake mkubwa kuliko pesa ya mafuta. Amtazame dereva: miayo inayofuatana, kope zinazochelewa kufunguka, gari kugusa mstari, kibao kupitwa bila kuonekana, au dereva kutokumbuka kilomita chache zilizopita. Moja tu ya dalili hizo inatosha kusimama mahali salama. Kufungua kioo na kuongeza muziki hakuondoi usingizi, kunaufunika kwa dakika chache. Mkibadilishana usukani, aliyetoka ndiye alale sasa. Na kama wote wawili mmechoka, tafuteni chumba. Mtu wa nyumbani apigiwe simu aelezwe mtafika kesho, asikae macho akiwasubiri.

Gari likiharibika usiku, liondoeni kabisa barabarani, washeni taa zote za tahadhari, shukeni kwa upande usio na magari, na simameni mbali na barabara, si ndani ya gari wala nyuma yake. Pembetatu ya tahadhari iwekwe pale tu sheria za barabara hiyo zinaporuhusu. Kuna barabara za kasi ambazo kutembea ukingoni kuiweka ni hatari kuliko kutoiweka.

Mkifika, abiria akague kiti chake na buti kabla ya kushuka, hasa chaja, miwani na nguo mbichi. Hesabu ya pesa ifanyike kesho yake kabla ya jioni, kumbukumbu zikiwa bado mbichi na risiti zikiwa bado mfukoni. Na kama dereva bado ana mwendo wa kufika kwake, aliyeshushwa asizime simu mpaka apate ujumbe kwamba amefika.